Kwa Nini Rhonda Alimchukua Prentiss

Jumatano asubuhi, hata kahawa hajaigusa, Kurt Stachura alifungua simu yake akaona kwamba dada yake Rhonda amemchukua Prentiss. Akavaa miwani, akasoma upya. Jina lilikuwa lilelile.

Kwa asiyecheza, hilo si jambo. Ukoo wa Stachura pale Toledo, Ohio, ulikuwa na ligi yake ya fantasi: kila mtu anapanga kikosi cha wachezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani, na wanavyofunga wao Jumapili ndivyo naye anavyovuna pointi. Roho ya kikosi cha Kurt ilikuwa mkimbiaji mmoja, Oakley. Prentiss ni yule anayesugua benchi akingoja Oakley aumie, na mwenye akili huwashika wote wawili. Kurt alikuwa nao wote wawili. Siku moja kabla, akipanga kikosi cha mtoano, alimwacha Prentiss ili aongeze mtu wa ulinzi. Sasa yuko kwa Rhonda, ambaye timu yake ilishika mkia ikatolewa, na ambaye tangu majani ya miti yaanze kupukutika hakuwa ameigusa.

Mtu aliyekwisha kutolewa anataka mchezaji wa akiba wa nini? Jumapili iliyopita Oakley alitoka uwanjani akichechemea. Makocha walisema ni mzima, lakini kocha gani husema ukweli mwezi wa Desemba? Na Rhonda alifanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya mifupa. Kurt aliunganisha hilo na hili: Oakley kaumia, na Rhonda anajua.

Kilichogombewa kilikuwa kiti cha baba yao. Mzee alipofariki, hakuna aliyekubali mwenzake akirithi, wakaamua bingwa wa ligi akae nacho mwaka mzima. Duane, kaka yao mkubwa na msimamizi wa ligi, alikuwa akikishinda mfululizo. Kiti kilikaa chumba cha chini nyumbani kwake, na aliyekilalia ni mbwa. Kurt ndiye aliyekuwa akimbeba mzee kutoka kitandani na kumkalisha hapo mwaka wake wa mwisho. Kila alipotumiwa picha ya yule mbwa alitaka kulia, kisha akataka kumpiga mtu. Jumapili hii alikuwa anakutana na Duane, na ukifungwa kwenye mtoano, kwaheri hadi mwakani.

Alimpigia Rhonda akiwa kwenye maegesho ya kazini.

"Prentiss umemchukua wa nini?"

"Salamu kwanza, we mtoto."

"Habari za asubuhi, dada. Prentiss wa nini?"

"Nimempenda jina." Rhonda akacheka.

"Oakley kaumia, siyo? Kaja hapo kwenu."

"Kurt, mimi hapa nawapangia wazee tarehe za magoti. Nitamjuaje Oakley?"

"Basi niambie kwa nini."

Rhonda akashusha sauti.

"Mchezeshe Oakley wako, mdogo wangu. Usiguse kitu. Haya, nina mgonjwa."

Usiguse kitu! Kurt alibaki ameishika simu. Mtu husema hivyo anapotaka ukae palepale alipokutegea.

Alhamisi jioni alipita mtaa wa Duane. Hakuwa na shughuli huko, alisingizia tu kwamba barabara yake ya siku zote ina theluji, kana kwamba mitaa mingine haina. Gari la Rhonda lilikuwa limeegeshwa mlangoni kwa Duane. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema peke yake, na uchungu ukamjaa kifuani, maana kwa Duane aliutarajia usaliti tangu utotoni, lakini kwa Rhonda hapana. Rhonda ndiye aliyekuwa akimfunga kamba za viatu alipokuwa mdogo.

Jumapili, mechi zikikaribia kuanza, alimtoa Oakley. Akamweka mkimbiaji mzee ambaye hata kwao wamemchoka. Kisha, hasira ikiwa bado ya moto, akaandika kwenye kundi la familia, wajomba na watoto wakiwemo: "Rhonda kauza kiti cha baba kwa Duane. Sijui kalipwa nini. Sina dada."

Oakley alikimbia siku ile utadhani uwanja wote ni wake. Akafunga, akafunga tena, na alipofunga la tatu Kurt alizima televisheni. Mkimbiaji wake mzee alipata pointi za kuhurumiwa. Duane akashinda kwa kiasi ambacho Oakley peke yake angekifuta.

Simu ikalia. Ni Duane.

"Wewe una wazimu?" Hakuwa hata na sauti ya mshindi. "Mimi ndiye niliyeomba nipewe Prentiss."

"Wewe?"

"Ndiyo, mimi! Nikubane. Oakley akiumia, Prentiss anifungie mimi, wewe ubaki mikono mitupu. Lakini mchezaji aliyeachwa hupewa kwanza wa mkiani akimwomba, na wa mkiani ni Rhonda. Akanipiku. Alhamisi alikuja kurudisha sufuria, nikamfokea hapa mlangoni, akanijibu niache mbwa alale sakafuni."

Kurt akakata simu bila kuaga. Alimpigia Rhonda, haikupokelewa. Akaendesha gari hadi kwake, akabisha. Rhonda alifungua nusu mlango, kitambaa cha vyombo mkononi, macho mekundu.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Nikuambie, Duane aite njama, akutoe kwenye mtoano? Unaijua sheria yake, timu mbili zisisaidiane. Nilikwambia usiguse kitu."

"Nilidhani..."

"Ulichodhani umekiandika, Kurt. Mama mkubwa kanipigia kuuliza nimelipwa kiasi gani. Binti yangu kakisoma kwa sauti hapa mezani, akidhani ni utani."

"Nitakifuta. Nitawaomba wote radhi, sasa hivi."

"Futa." Akaipangusa mikono yake, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilitaka ukipate wewe kile kiti. Wewe ndiye uliyekuwa unambeba."

Akafunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kurt alibaki barazani kwenye theluji. Ndani, mtoto aliuliza ni nani aliyebisha, na Rhonda akamjibu kwamba hakuna mtu.