Gari Linalopita Sebuleni

Haya, wewe uliyekaa hapo, nitegulie hiki: haingii kwa hodi, hanywi hata maji, anauliza lilelile kisha anatokea ukutani. Nani? Umeshindwa. Basi kaa na kiu yako kidogo.

Bibi arusi alipoletwa nyumbani kwa mkwewe, fundi cherehani, aliambiwa mambo mawili: mlango wa jikoni unakwama, na alasiri ukisikia ngurumo, inua miguu. Akainua. Gari jekundu la mashindano likapenya ukuta wa mbele na kupita kati ya cherehani na kochi, limejaa tope. Dereva akapandisha miwani.

"Yule binti wa pale konani, aliamka?"

Mkwe akafunika gauni la mteja kwa shuka. Gari likatokea ukuta wa nyuma. Ukuta haukupata hata ufa.

"Mama, mbona humjibu?"

"Niletee pasi, mwanangu. Wateja wanalalamika nguo zinanuka petroli."

Bibi arusi alikuwa mdadisi. Jambo likimkaa kooni halimezi wala halitemi. Akaenda kwa jirani, muuza vipuri.

"Zamani magari yalikuja hapa kutoka nchi za mbali," jirani akasema. "Madereva wa kila lugha! Watu tulipanda mapaa. Mnapolala nyinyi palikuwa barabara. Mwaka mmoja gari jekundu likateleza konani, likamgonga binti. Mashindano hayakusimama. Mshindi akapewa kikombe, watu wakapiga makofi. Baadaye wakayafuta mashindano, wakasema eti vumbi limezidi, viwanja vikauzwa."

"Binti wa nani?"

"Wa mkweo. Kifungua mimba."

"Na huyu dereva?"

"Nani alimwambia yameisha?"

Njiani kurudi alipita penye mnara wa washindi. Majina yalikuwa yamepakwa rangi mpya. La binti halikuwepo, na hadi leo halipo.

Alimkuta mkwewe akitia uzi kwenye sindano.

"Umeshaambiwa," mkwe akasema. "Basi jua na hili. Nikimjibu, ataacha kuuliza. Na mwingine anayemuulizia mwanangu ni nani?"

Bibi arusi hakuuliza tena. Alijifungua mtoto wa kike, mtoto akakua, akaanza kutambaa.

Alasiri moja ngurumo ikasikika mama mtu akiwa jikoni na mlango umekwama. Mtoto alikuwa katikati ya sebule, anautafuna utepe wa kupimia nguo.

"Mama! Mtoto!" akapiga kelele, huku akiusukuma mlango kwa bega.

Mkwe hakuinua miguu. Alisimama mbele ya mjukuu wake, akanyoosha kiganja. Gari likapiga breki, likasota, likasimama mkono wake ukiwa juu ya boneti. Mtoto akatambaa hadi kwenye taa, akailamba.

Dereva akapandisha miwani, akauliza lilelile.

"Hakuamka, baba," mkwe akasema. "Pita polepole, humu mna mtoto. Na kesho uniulize tena."