Babu Aliyeahidi Kunyamaza

Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa ameahidi kunyamaza. Kwa waliomfahamu, ahadi hiyo ilikuwa sawa na jogoo kuahidi kutowika.

"Babu, nisikilize," mjukuu wake alimwambia asubuhi hiyo, akimfunga kifungo cha koti. "Leo ni mara yangu ya kwanza kuwafundisha wenzangu mada nzima ya sosholojia. Ukiguna tu, ukimsahihisha mtu hata mmoja, sikualiki tena chuoni mpaka mahafali. Na hayo pia nitayafikiria."

"Mimi ni mtu wa neno langu," Babu alijibu, akainyoosha tai.

"Haya. Utakaa nyuma."

Mjukuu alibaki nje kutoa nakala za kazi yake. Babu akatangulia ukumbini mapema, kwa tabia aliyoiita nidhamu na ambayo marehemu mkewe aliiita kiherehere. Akakaa nyuma. Wanafunzi wakamiminika. Mmoja akapanda juu ya meza, mwingine akacheka na simu yake. Mbele, ubao ulikuwa na somo la jana, halijafutwa. Babu akafumba macho, akayafumbua. Ubao ulikuwa mchafu vilevile.

Kufuta si kusema, alijiambia, akajikongoja hadi mbele.

Mara alipokishika kifutio, kelele zilikatika. Wanafunzi walimwona mzee mwenye mvi, koti na tai, amesimama ubaoni. Mmoja akainuka; wengine wakafuata mkumbo. Sasa mtu akisimamiwa na ukumbi mzima, afanyeje?

"Kaeni," alisema Babu. Laiti angeishia hapo! "Nawe uliye mezani, meza ina miguu lakini si kiti. Shuka."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia kijana mwenye mkoba begani, shati limemchomoka.

"Hizi ndizo saa za kuingia darasani?"

"Samahani, mwalimu. Foleni barabarani."

"Foleni haikuzaliwa leo. Chomekea, kisha simama papo hapo utafakari."

Kijana akachomekea. Akasimama. Babu alijisikia kupungua umri, akamaliza kuufuta ubao, akaanza kutafuta chaki.

Hapo mjukuu akaingia na nakala zake. Akamtazama kijana, akautazama ubao unaong'aa, akamtazama babu yake.

"Babu! Huyo uliyemsimamisha ni mhadhiri wetu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Babu alitafuta pa kuuficha uso, lakini kifutio kilikuwa kidogo mno. Akarudi nyuma, kila hatua ndefu kuliko safari ya kwenda.

"Binti," mhadhiri aliuliza kutoka mlangoni, "mada yako ni ipi?"

"Hadhi na dhima katika jamii," alijibu kwa sauti ya kutetemeka.

"Basi mfano umekutangulia. Anza."

Binti akaziweka nakala chini. "Nani alimpa babu yangu mamlaka?"

"Koti!" "Mvi!" "Ile sauti, jamani!"

"Na ninyi. Mliposimama, mlimwajiri. Hadhi ni nafasi ya mtu mbele ya wenzake; dhima ni yale tunayotarajia ayatende mwenye nafasi hiyo. Mlimpa nafasi ya mwalimu, naye akaitenda kazi yake. Hata mwalimu wetu kachomekea! Babu alitoka shuleni zamani, lakini shule haijamtoka. Malezi hayastaafu."

Sauti haikutetemeka tena. Wanafunzi walikuwa wakiandika.

Babu alihisi hoja ikimpanda kooni: heshima haigawiwi na ukumbi, hutoka ndani ya mtu! Akafungua kinywa, akakumbuka ahadi, au mabaki yake. Akaona heri atoke, akaone aibu peke yake. Akainua mkono, ule ule uliozoea kuchagua mikono ya wengine.

"Ndiyo, wewe wa nyuma," binti alisema.

"Naomba kutoka nje."

Mjukuu alimtupia jicho kali ambalo Babu alilitambua mara moja, kwa kuwa lilikuwa lake.

"Subiri kipindi kiishe."

Babu akakaa, akakunja mikono juu ya meza. Alitamani sana kumnong'oneza jirani yake kwamba huyo ni mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa kumzaa, lakini kuongea darasani ni kosa.