Kiungo cha Saba

"Hii tiki ni ya nani? Tony, nakuuliza wewe! Hii tiki ni ya nani?"

"Ni yangu, Kaizarbhai. Mkono wangu huo. Nimekataa?"

"Ati nimekataa! Nyumba ya watu yanuka moshi, wewe waniambia hukukataa! Sasa nikupe zawadi?"

"Nakwambia niliitiwa, nikaandika. Ulitaka niandike nini? Nichore ua?"

Kaizar akalibamiza daftari mezani, vikombe vya chai vikaruka, kimoja kikalala ubavu na chai ikaanza kutambaa kuelekea kwenye karatasi. Alefiya, mkewe, akazivuta karatasi zake. Yeye ndiye mchoraji wa mitambo yote.

Kyalo alikuwa amesimama kando ya rafu ya betri, mkononi ana rola ya tepe nyeusi. Alikuwa ameifungua na kuikunja, ameifungua na kuikunja, mpaka ile gundi ikaisha makali. Hakuna aliyekuwa akimgombeza. Hakuna hata aliyemtazama.

Kampuni yenyewe watu wanne tu. Kaizar, Alefiya, Tony fundi mkuu, na Kyalo, ambaye hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu. Ofisi ni duka la zamani huko Bondeni, ambamo babake Kaizar alikuwa akiuza rangi, na mpaka leo kuta zanuka tapentaini. Wanafunga sola kwenye nyumba za watu. Ijumaa Kyalo alikuwa aambiwe kama anabaki au anaenda zake. Na nyumbani Tononoka mamake, Mama Rosebella, alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni injinia. Alisimama kabisa Jumapili, akapigiwa makofi. Kyalo akijaribu kumwambia, "Mama, mimi bado niko kwa majaribio," mama ajibu, "Injinia wa majaribio si injinia?"

Sasa robo saa iliyopita Kamaludin alikuwa amepiga simu. Huyu ni mjukuu wa Bi Mejumaa, kule Mji wa Kale, ambako jana walifunga paneli kumi juu ya paa. Kamaludin alisema inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, inalia na taa imekuwa nyekundu, na juu kwenye paneli kuna harufu ya plastiki kuungua. Kaizar akamwambia azime swichi kuu, asiguse kitu kingine chochote, na asimruhusu mtu kupanda. Kisha akakata simu, akalichukua daftari la kazi, akaanza kupiga kelele.

Tatizo kila mtu alilijua. Waya wa kila paneli unaishia kwenye kiungo, na kile kiungo unakisukuma ndani ya mwenzake mpaka kilie, ta! Kikilia kimeshika. Kisipolia kimeshika nusu, na umeme unarukaruka pale kwenye mwanya, unapata moto, plastiki inayeyuka. Na nyumba za Mji wa Kale dari zake ni boriti kavu za miaka mia, nyumba imeegemeana na nyumba. Moto ukishika moja, huwezi kuhesabu utakapoishia.

Ndiyo maana Kaizar aliweka sheria yake. Aliye juu akisikia ta, apaze sauti, "Imelia!" Aliye chini atie tiki. Bila kuitiwa, hakuna tiki. Jana viungo vilikuwa kumi na kimoja, tisa kati ya paneli na viwili vya waya za kushuka kwenye inveta, na tiki zilikuwa kumi na moja.

"Zitazame," Kaizar akasema, kidole kikigonga ukurasa. "Zote sawasawa, kama mayai. Hizi umezichora mara moja, Tony, ukinywa chai. Kama ulivyonifanyia mwaka juzi!"

"Ile ya mwaka juzi nilikiri. Hii si ile."

"Umezoea wewe!"

"Kaizar," Alefiya akasema polepole. "Muulize aliyekuwa juu."

Macho matatu, la, macho sita yakamgeukia Kyalo. Ile tepe ikamponyoka, ikabiringika mpaka chini ya meza.

"Kyalo," Kaizar akasema, na sauti akaishusha, akawa mpole kabisa, jambo lililozidi kutisha. "Wewe jana uliita zote?"

Na Kyalo akasikia mdomo wake ukijibu wenyewe, "Mimi niliita kila iliyolia, bosi."

Basi, hivyo tu. Maneno manne, matano. Lakini kila mtu mle ndani akayaelewa: kama kijana aliita zilizolia tu, na tiki ziko kumi na moja, basi moja Tony aliichora kwa raha zake, bila kuitiwa.

Tony akamtazama. Hakumtazama kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli imebadilishwa.

"Haya," Tony akasema.

"Funguo," Kaizar akasema. "Weka hapo."

Tony akaanza kuzitoa funguo za ghala kwenye mshipi. Zilikuwa zimekaa pale miaka minne, pete imekaza, ikabidi aikunjue kwa kucha. Mle dukani ikawa sauti ni ya ile pete tu, kr, kr, na Kyalo akawa anakumbuka jana yote, atake asitake.

Siku ya kwanza kazini walimfundisha: Mji wa Kale hupandi paa la mtu hivi hivi. Paa zimekaribiana, ukisimama juu unaona uani kwa jirani, na uani ndiko wanawake wanakovua mabuibui wakapumzika. Kwa hivyo fundi kwanza hupiga hodi. Mara tatu, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Hodi! Mafundi tunapanda juu! Jisitirini!" Kisha husubiri mpaka ajibiwe, "Pandeni!" Tony huipiga vizuri, utadhani anauza mbaazi. Lakini jana Tony alibaki chini na inveta, na Kyalo akasimama peke yake kwenye ngazi ya mwisho, akafungua mdomo, akaona haya. Alijiona na lafudhi yake ya Kikamba, akipiga kelele katikati ya watu waliozaliwa na Kiswahili mdomoni. Watoto wangemwiga mtaa mzima. Akapanda kimya.

Viungo sita vilikwenda sawa. Ta, imelia. Ta, imelia. Kabla ya kile cha saba akasimama kunyoosha mgongo, na chini yake, uani kwa jirani, wanawake watatu wako vichwa wazi, mmoja anasukwa. Yule wa kusukwa akainua uso.

"Ayaa! Mwanamume! Swafia, jifunike! We shetani, wachungulia nini huko?"

"Fundi gani asiyepiga hodi! Hana mamake huyu?"

Kitu kikagonga ukuta, kata au kopo, hakujua. Alijitupa kifudifudi nyuma ya tangi la maji, shavu kwenye saruji ya moto, akaingiza mkono chini ya paneli, akapapasa, akasukuma. Moyo ulikuwa unampiga masikioni, hata bomu lingelia asingelisikia. Akaita, "Imelia!" Na Tony kutoka chini akajibu, "Saba!"

Alisema moyoni atarudi kukiangalia. Hakuthubutu kusimama tena. Akamaliza vile vinne vilivyobaki akitambaa, na hivyo vinne alivisikia vyote vikilia, na alipofika chini taa ya inveta ilikuwa kijani, na Bi Mejumaa amewaandalia kaimati. Akala saba.

Pete ikakunjuka. Funguo zikalia mezani.

"Ya saba," Kyalo akasema.

"Ya saba nini?" Kaizar akauliza.

"Haikulia. Ama ililia, sijui, sikusikia. Niliita tu. Nilikuwa nimelala chini, wanawake wananitukana, nikaita tu. Tony alitia tiki kwa sababu niliita." Alikuwa anasema haraka haraka, kama mtu anayetapika na hawezi kukatiza. "Hiyo nyingine niliyosema sasa hivi ni uongo. Ile ya kusema niliita zilizolia. Ni uongo."

"Walikutukana kwa nini?" Alefiya akauliza, ameshaukunjua mchoro wa paa.

"Sikupiga hodi, dada."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Tony akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Haya! Haya ya kupiga hodi unayo. Ya kunizika mimi mzima huna!"

Kyalo akainama, akaiokota ile tepe chini ya meza.

Kaizar alikaa kitako, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Alipoiondoa mikono alionekana amezeeka. "Mtu wa miaka minne," akasema. "Namfukuza mtu wa miaka minne kwa mdomo wako. Wajua hilo?"

"Najua, bosi."

"Ijumaa—" Kaizar akaanza, kisha akaacha. Akazisukuma zile funguo, zikateleza mpaka kwa Tony. "Hilo la Ijumaa sina kichwa nalo sasa. Tony, nisamehe."

"Tutazungumza," Tony akasema. Funguo hakuzichukua, zikabaki pale pale.

Alefiya akaigonga karatasi kwa kalamu. "Ya saba iko wapi, Kyalo? Nionyeshe."

Akamwonyesha. Nyuma ya tangi, kati ya paneli ya sita na ya saba. Kidole chake kikaacha alama ya jasho.

"Jua bado kali," Alefiya akasema. "Hata swichi ikiwa imezimwa, paneli zifunikwe turubai kwanza. Vaa glavu. Kisha ukikate, utie kipya."

"Nikikate mimi?"

"Sasa nani? Wewe ndiwe unayejua ulikilaza vipi."

"Na mimi naja na turubai," Tony akasema bila kumtazama. "Lakini tiki yako siiandiki tena kwa kusikia. Nitapanda nikione kwa macho. Tangulia, mimi sitembei na wewe."

Kyalo akatia glavu, kiungo kipya na koleo ndani ya mfuko wa vifaa, akauweka begani. Akafikiria paa la Bi Mejumaa, zile boriti, wale wanawake watatu uani ambao bila shaka leo wanamsubiri.

"Kyalo," Alefiya akamwita akiwa mlangoni. "Mara tatu. Na usubiri ujibiwe."

"Ndiyo, dada."

Akaijaribu ile hodi kwa midomo tu, bila sauti. Akatoka nje kwenye mwanga, akauvuta mlango nyuma yake. Haukushika. Akauvuta tena, kwa nguvu, mpaka ukalia.