Sharti la Obadiah Tunnicliffe

Kondoo wa Obadiah Tunnicliffe walinona hivi kwamba aliyeanguka chali hainuki mpaka ainuliwe, na kwa sifa hiyo jimbo zima la Leicestershire, Uingereza, lilimvulia kofia. Alikuwa amezeeka akipandisha baba kwa binti, kaka kwa dada (kondoo, jamani!), akichagua migongo mipana na mifupa myembamba. Kila kiangazi wakulima walikuja kukodi madume yake, na kila mkodi alipewa sharti: ahasi madume yake yote ya kienyeji, damu mbaya isibaki.

Machi hii wana-kondoo wake walikuwa wakifa kwa njaa chini ya mama zao. Viwele vilikuwa vikavu. Mchagua mgongo alisahau kiwele.

Dawa aliijua: dume la damu ya zamani, lenye miguu mirefu na sura mbaya, ambalo mabinti zake hutoa maziwa. Akaenda kwa Hester Wragg, mjane wa jirani.

"Karibu, bwana mkubwa! Leo kwa miguu? Au farasi naye umemnenepesha hatembei?"

"Nicheke utakavyo, Hester. Nataka dume lenu la kienyeji."

"Lipi? Lile uliloliita ngazi iliyovaa sufu, mbele ya wageni, marehemu mume wangu Jethro akiwa amesimama hapohapo?"

"Hilo. Nilikosea."

"Si lile pale, uani?"

Kweli, lilikuwa linatafuna, limekonda, refu vilevile. Obadiah alikwisha kushika lango.

"Polepole, utateleza," Hester alisema, sasa bila utani. "Tulikodi la kwako, mzee. Sharti tulilitimiza. Jethro alishika kisu huku analia."

Obadiah aliachia lango.

"Na majike wa damu ile?"

"Wamezeeka, wameliwa. Waliobaki wote ni wajukuu wa madume yako, wakavu kama wako."

"Parokia ya pili, labda?"

"Huko nani hukumkodishia?"

Alifikiri, akikumbuka lango moja baada ya jingine. Hakupata jina. Bidii yake ilikuwa imefika kila zizi.

Hester aliingia ndani, akatoka na ndoo. "Ya ng'ombe. Yapashe moto, uwanyweshe kidogokidogo. Wachache watapona."

"Asante, mama."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Akashika njia ya matope, mwenye kondoo mashuhuri kuliko wote, akitembea kama bibi harusi ili maziwa ya watu yasimwagike.