Ya Mwamini Ina Virusi

Mdogo wangu Imrani ni msomi wa simu. Usicheke. Mwaka 2007, chuoni kwao Dar es Salaam, walimcheka wenyewe alipotaka kuandika tasnifu ya udaktari juu ya programu haribifu zinazohama simu kwa simu vijana wanaporushiana nyimbo. Profesa wake akamwambia alete ushahidi kutoka mashambani, la sivyo atafute mada nyingine. Ndipo akaja kwangu Ruangwa na kompyuta yake, akaweka kambi kwenye kibanda cha Mama Fatu, ambako watu wa sokoni huchajisha simu, akawa anazipima kwa ruhusa ya wenyewe.

Yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kukutwa na kasoro. Akamwambia Mama Fatu, "Ya Mwamini ina virusi. Itenge, isiambukize nyingine."

Sasa Mama Fatu ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, Kiswahili alikikuta ukubwani. *Ina* na *ana* kwake ni mamoja. Akaenda kuwanong'oneza wenzake, kwa huruma tupu, kwamba yule msomi kampima dada yake, Mwamini ana virusi, na kasema atengwe.

Mimi nilichoona ni wateja wa vitumbua vyangu wakinipita kwa mbali. Zena, jirani yangu wa meza, alisogeza kikombe chake. Nikamkoromea, "Nimekuibia nini?" Akaanza kulia, ndipo akanieleza yote.

"Na Abdala keshapelekewa habari shambani Matambarale," akamalizia.

Mume wangu si mkorofi, lakini kwa ugonjwa ule mwanamke anayetangulia kujulikana ndiye anayeambiwa kauleta. Kuna mwenzetu wa Malolo alitimuliwa kwa panga, watoto wakabaki kwa baba yao. Nilikuwa naogopa hilo hilo. Niliacha vitumbua mezani nikakimbilia nyumbani.

Imrani alikuwa anaandika. Nilimtukana mpaka pumzi ikakata. Kwanza alicheka, msomi mzima. Aliponiona sitanii akafunga kompyuta yake.

Tukasikia baiskeli ikitupwa uani. Nikawasukumia watoto chumbani, nikaingia nao, nikaubana mlango kwa mgongo.

"Shemeji, ni simu!" Imrani alikuwa anapiga kelele. "Simu ndiyo ina virusi! Ni programu tu, nimeshaifuta. Dada hajapimwa chochote."

Kisha nikasikia panga likiwekwa chini, taratibu. Nikashusha pumzi. Kicheko kikanitoka chenyewe, nikafungua mlango ili na yeye acheke.

Abdala hakucheka. Alikuwa amekaa kizingitini, jasho la njia nzima likimtiririka.

"Kwa hiyo hajapimwa?"

"Hajapimwa, shemeji. Wallahi."

"Basi apimwe," alisema, bila kunitazama. "Mimi nilipima mwaka jana, ile safari ya Nachingwea. Nilidhani leo mmeshajua."

Imrani alinigeukia, mdomo wazi. Nyuma yangu mtoto wetu wa mwisho, ambaye hata ziwa hajaachishwa, alianza kulia. Alikuwa na njaa. Nikaogopa kumbeba.