Tumbo Chini ya Vitenge

Nilimpa muuguzi mkono, yeye akataka tumbo.

Siku ile uwanja wa zahanati yetu ya Titye ulijaa wazee, na sisi tuliozaliwa Burundi tulikuwa tumeshapandisha mikono ya magauni mpaka begani. Nani angetulaumu? Tulipokuwa tukilea watoto katika kambi ya wakimbizi, kipimo kilikuwa utepe wa mkononi: ukionyesha nyekundu, unaondoka na unga wa uji. Mikono yangu mimi ni myembamba kama mipini ya majembe. Nilikuwa na hakika na unga wangu, hata mfuko nilikuja nao.

"Si mkono, mama," alisema muuguzi Niyubahwe, binti mpole anayecheka kwa macho. "Na unga hakuna. Leo tunatafuta mafuta ya tumboni, yale yanayoleta sukari na presha kwa watu wa umri wenu."

Wengine wakaanza kushusha mikono na kutafuta njia ya nyumbani. Mimi nilicheka. Mafuta gani kwangu? Mtu wa mafuta alikuwa jirani yangu Kudra, ambaye akikaa kwenye benchi wengine wawili husimama.

Kudra akatangulia. Muuguzi alimpima urefu kwa kamba ya katani, kisigino hadi utosini, akaikata, akaikunja katikati, kisha akamzungushia tumboni. "Ncha zikikutana, ni nafuu," alieleza. Zikakutana, na ikabaki ya kufungia mbuzi. Kumbe mwili wote wa Kudra ulikuwa umekaa nyongani na mapajani! Akacheza palepale mbele yangu, mchokozi yule.

Ikaja zamu yangu. Nikafungua kitenge cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kamba ikanizunguka, ncha zikabaki zinatazamana, kiganja kizima kati yake. Muuguzi akanitoboa kidole, akasoma kimashine chake, na macho yake yakaacha kucheka.

"Sukari imepanda, mama. Haijafika pabaya. Tukiiwahi, inarudi."

Dada yangu Benita alikatwa mguu kwa sukari, na mashamba yangu yote yako mteremkoni. Bila mguu ningelima nini, ningekwenda wapi? Mume wangu Marselino alikuwa kando yangu, amenishikia vitenge. Muuguzi akamgeukia: "Baba, mama huwa anakula nini?"

Marselino alivipanga upya vile vitenge mkononi. "Anakula... chakula," alisema.

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, halafu akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina langu akalisahau.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kuniona nikila. Kwetu mwanamume huandaliwa sebuleni, mwanamke hula jikoni baadaye, na hakuna anayechungulia. Na jikoni nilikuwa malkia. Mwaka sabini na mbili, tulipokimbia mauaji Burundi, nilivuka mpaka nikiwa kitoto kinachoburuzwa mkono, na njaa ya safari ile iliniingia mifupani. Tangu hapo sikuweza kuona chakula kikitupwa. Ukoko, ugali waliouacha wajukuu, maharage yaliyozama kwenye mawese chini ya chungu, vyote vilikuwa vyangu, nikivila nimesimama, kwa raha zangu. Kila tonge liliniambia kwamba njaa imekwisha.

Jioni ile nilimwandalia Marselino sebuleni kama kawaida. Akabeba sahani, akaja nayo jikoni, akakalia kigoda changu.

"Yoo! Baba Prudence, umepotea?"

"Ego, ndiyo, nimepotea. Sogea tule."

Nilikasirika, nasema kweli. Moshi ulimliza, miguu yake mirefu ilijaza jiko lote, na kila nilipotupia chungu jicho aliuliza, "Hicho cha nani?" Hakunikataza. Aliuliza tu, na tonge lililoulizwa halishuki. Tukaanza kupika kidogo, mboga nyingi, mawese kwa kijiko. Makombo yakaenda kwa kuku, na mara ya kwanza nilipowamwagia nililia, kuku wakinishangaa. Umbea nao haukukaa Titye. Binti yetu Prudence akapiga simu kutoka Kibondo kwa mumewe: "Mama, ni kweli baba anakula jikoni? Mmegombana?"

Baada ya mavuno muuguzi alinipima tena. Sukari ilikuwa imeshuka, nami nikapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia. Tulipofika nyumbani nikamwambia Marselino sasa anaweza kurudi sebuleni kwake. Akaenda kulisha kuku.

Siku chache baadaye alikwenda msibani Buhigwe na wazee wenzake. Nilijua watamcheka kutwa nzima, na aibu hiyo itamrudisha sebuleni. Nilishangaa jinsi wazo hilo lilivyoniuma. Alirudi jua likizama, vumbi mpaka kwenye nyusi, akapita sebule moja kwa moja mpaka kwangu jikoni.

"Hawakukupa chakula?"

"Walinipa. Wali na nyama. Nikawaambia mimi nakula na mke wangu."

"Mbele ya wazee wote?"

"Mbele ya wote."

"Wakasemaje?"

"Walicheka sana. Halafu mzee Ndayisaba akanivuta pembeni, akaniuliza nilianzaje."

Nami tangu mchana sikuwa nimegusa tonge, chungu kikiwa mbele yangu na hakuna wa kuniuliza hicho ni cha nani. Sikumwambia. Nikanawa mikono, nikasogea.