Mtoto Aliyeziba Masikio

Saa kumi na moja jioni Fundi Rangi alirudi kutoka karakana ya makabati ya chuma, akamkuta mtoto wa kike amekaa mlangoni pake, vidole masikioni. Alikuwa wa miaka minne hivi, na ile pua pana ya ukoo wa akina Fundi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona huingii?"

"Nimeshakuja mara tatu. Kuna kelele, halafu kunanuka rangi."

Ndani hakukuwa na kelele wala harufu. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Mama yake Fundi, kitini, alikuwa anamweleza mkwewe, kama kila jioni kwa miaka sita ya ndoa isiyo na mtoto, kwamba mwanawe ni mzima wa afya. Kasoro inajulikana ilipo.

"Hapana, bibi," mtoto alisema kutoka mlangoni. "Kelele zimo ndani ya baba."

Bibi aliinuka, akaweka sikio kiunoni pa mwanawe. Mashine ya kusaga chuma ilikuwa inanguruma humo kama zamu ya asubuhi. Akavuta pumzi, thina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi, ikamkereketa koo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, na hakuwa anamwambia Fundi.

"Nimekusikia, mama," mkwewe alijibu. Aliendelea kukunja nguo, ila mabega yake yakashuka.

Fundi alielewa. Pale kazini chumba cha rangi na mashine vilitenganishwa na turubai tu. Akitaka chochote, hushusha barakoa apige kelele ndipo asikike. Mara mia kwa zamu alimeza thina na ngurumo kwa pamoja.

Kesho yake Fundi alipomweleza, msimamizi hakuinua hata uso.

"Wako naye kaja? Wanne wa wenzako wanasubiri getini. Haya, hamia stoo."

"Na ukuta, bosi? Tukijenga ukuta pale..."

"Ukuta wa nini tena? Si nimekupa stoo?"

Zahanati walimwambia asubiri miezi mitatu, mwili ujisafishe. Mtoto alisubiri naye mlangoni. Mwezi wa pili alitoa kidole kimoja. Mwezi wa tatu, jioni moja, alitoa cha pili.

"Kumbe mama huwa anaimba," alisema, akaingia, akapita jikoni, wala hakuonekana tena.

Wiki chache baadaye mkewe aliamka akitapika, na katikati ya kutapika akacheka. Mama mkwe alimshikia kichwa. "Pole, mwanangu. Tapika tu, tapika."

Fundi alikwenda kazini akipiga mluzi. Habari zilikuwa zimemtangulia. Kule chumba cha rangi, kijana aliyemrithi, bwana harusi wa mwezi uliopita, alishusha barakoa.

"Hongera, kaka!" alipiga kelele.

Fundi alimwonyesha kwa mkono airudishe.

"Unasemaje?" Kijana aliishusha hadi kidevuni.

Nje getini, mlinzi aliwaomba watoto wasogee kidogo kwenye benchi, mgeni aliyeziba masikio apate pa kukaa.